Mota Zilizochelewa

Pale kwenye kiwanda cha chokaa walimwita Mama Shaba, maana kazi yake ilikuwa kuzisuka upya mota zilizoungua, na waya wa shaba haukumtoka mkononi. Mumewe alikuwa mwashaji wa tanuri kiwandani humo humo. Mota ya feni ya kupulizia moto ikiungua, tanuri lilipoa, na mota ikishasukwa yeye ndiye aliyeliwasha tena kwa mafuta mazito, akishinda kwenye moshi mweusi. Mafuta yaliteketea bure, chokaa haikutoka hata gunia moja.

"Wewe unaziponya, zenyewe zinaniua mimi," alizoea kumtania mkewe, nao wakicheka.

Kisha kikohozi kikamkaa mumewe, kikagoma kutoka.

Mama Shaba akamwendea injinia. "Hizi mota zimechoka, baba. Zinakula umeme kama hazina akili, na bado zinaungua."

"Nawaambia wakubwa kila mwaka," injinia akasema. "Wananijibu, si bado zinazunguka?"

Mwishowe mpya zikaja. Mama Shaba na wenzake wakazifunga, na tanuri likawaka msimu mzima bila kuzimika. Matumizi ya umeme yalipungua, mafuta ya kuwashia yakabaki kwenye tangi, na injinia akatangaza kwamba hewa ya kaboni inayotoka kiwandani imeshuka kuliko walivyotarajia. Kwenye mitaa ya nyuma ya kiwanda, nguo nyeupe zikaanza kuanuliwa zikiwa nyeupe.

"Umeniachisha kazi, mke wangu," mumewe alisema kitandani, pumzi ikimkatika.

"Basi pumzika."

"Ndicho ninachofanya."

Wiki ile ile akafariki.

Baada ya mazishi, shemeji yake alimkuta Mama Shaba jikoni, amekaa sakafuni.

"Ningeziacha zile mota zife, shemeji," alisema. "Wangenunua mapema. Kila nilipofufua moja, yeye alirudi kwenye moshi."

"Usijitwishe hilo. Ulikuwa unafanya kazi yako."

"Na niliifanya vizuri mno."

Shemeji akaketi kando yake.

Miezi ikapita. Wageni wa viwanda vingine wakaja kuziona mota, na meneja akamsimamisha Mama Shaba aseme neno.

"Haziungui," alisema. "Kama kwenu mnazo za zamani, msingoje..." Akaomba radhi, akaenda kulia chooni, akanawa uso. Kisha akarudi karakanani, kwa sababu beringi za feni zilikuwa zinahitaji grisi.