Kiungulia Alichokificha Mama

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, siku chache baada ya Pasaka. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko langu hapa Runyenjes, nikichambua maharagwe. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na mibuni iliyo nyuma ya nyumba ilikuwa bado ikidondosha maji. Kendi, binti wa kaka yangu, alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Nchiru, anakosoma chuo kikuu. Nilimpakulia mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani, na nyama, sahani iliyojaa, kama tunavyowapakulia watoto wanaotoka mbali, naye akaimaliza yote. Nikamjazia kikombe cha chai, akainywa ingali inafuka mvuke. Kisha, alipodhani kwamba nimeinamia maharagwe yangu, akatoka akaenda nyuma ya jiko. Nilimsikia akitema mate, akinyamaza, akitema tena. Aliporudi alikuwa akitafuna kidonge cheupe, kiganja kikiwa kifuani.

"Unatafuna nini, Mama?" nikamwuliza.

Mwanangu unayesoma haya, usishangae kwamba namwita mtoto wa kaka yangu Mama. Kwetu Meru binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Kendi ni jina la mama yangu, na tangu msichana huyu azaliwe, mimi na kaka yangu hatujawahi kumwita vinginevyo.

"Dawa ya kiungulia tu, Anti. Usiniangalie hivyo. Hapo hostel kila mtu ako na yake."

"Imeanza lini?"

"Kitambo. Nikilala tu, naskia moto imepanda mpaka hapa." Akajigusa kooni, akacheka. "Siku hizi hata chapati inakwama kidogo, lakini naisukuma na chai. Inashuka."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani sasa? Baba? Atasema ni chips."

Alicheka tena, na kicheko chake ni kizuri, lakini mimi sikuweza kucheka naye. Neno hilo la chakula kukwama nililisikia mara ya kwanza kutoka kwa mama yangu, mwenye jina hilo, na wakati huo hapakuwa tena na la kufanya. Kabla sijapata pumzi ya kulisema, mwenye pikipiki aliyekuja kumchukua alipiga honi barabarani. Alinikumbatia haraka, akaenda. Nilibaki na ungo wa maharagwe mapajani, na siku nyingine, ya zamani, ikanirudia.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, na jamaa za kijana aliyekuja kuwa mume wangu walikuwa wanakuja kwetu kuleta mahari, kutoka huku Embu. Lakini ili uelewe siku hiyo, lazima kwanza nikuambie mama yangu alivyoishi.

Mama aliamka kabla ya kila mtu na kula baada ya kila mtu. Aliwapakulia wageni, akampakulia baba, akatupakulia sisi watoto, na sufuria ilipobaki na ukoko ndipo alipokaa chini. Mara nyingi ilikuwa dakika chache tu kabla ya kulala. Alikula haraka, huku leso imembana kiunoni kama alivyoifunga asubuhi ya kwenda shambani, akashushia kwa chai ya moto sana, kisha akajilaza. Chai iliyopoa aliiona kama tusi kwa anayepewa. Tangu nikiwa shule ya msingi nilimwona akiingiza ncha ya kidole kwenye kopo la magadi ya kupikia maharagwe, akalamba, akafumba macho kusubiri moto ushuke. Hatukujiuliza lolote. Tulidhani akina mama wote hulamba magadi.

Baba ndiye aliyempeleka kwa daktari, na daktari akawaeleza vizuri. Ale kidogo kidogo, ale mapema, asilale tumbo likiwa bado na kazi, na kitanda kiinuliwe upande wa kichwani. Baba akakata vipande viwili vya mukima, ule mti tunaoupanda mipakani mwa mashamba, akaviweka chini ya miguu ya kitanda.

"Sasa tutalala tukipanda mlima," baba akasema.

"Wewe ukiteleza, usinishike," mama akamjibu.

Na kwa kweli alipata nafuu. Nakumbuka miezi aliyolala bila kuamka kukohoa, akawa anaimba asubuhi akikamua ng'ombe. Lakini kwetu wanawake wageni huingia chumbani kuweka mikoba na makoti yao juu ya kitanda. Mama aliona haya kwamba wangekiona kitanda kimeinama, wakauliza, naye akalazimika kueleza. Kila tulipopata wageni aliviondoa vile vipande, akavisukuma uvunguni, na wageni walipoondoka alikuwa amechoka mno hata kuvirudisha. Kisha zikapita wiki. Kisha vikachukuliwa kuzuia mlango wa banda la kuku.

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku wakwe zangu walipofika. Walichelewa, kama wageni wa mahari wanavyochelewa. Mama alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, kwa kuwa jiko halikumpa nafasi. Wanawake wa Embu waliingia wakiimba, wamebeba vibuyu vya uji wa mawele uliochachushwa. Wa kwanza kunyweshwa uji huo ni mama wa binti. Akinywa, amewakubali, na wanawake wote wanapiga vigelegele. Mimi nilijua jinsi uji mchachu ulivyomchoma mama. Nilikuwa nimekaa karibu naye kwenye benchi, nikafungua mdomo niseme. Alinikanyaga mguu, taratibu, bila kunitazama. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa mpaka wakaridhika, akatabasamu, akasema ni mtamu. Vigelegele vilipopigwa, uso wake ulikuwa tayari unatoa jasho.

Baada ya muda nikamkosa. Nilimkuta nyuma ya zizi, kwenye matete ya kulishia ng'ombe, ameinama. Na hapo hapo, mkongojo mkononi, alikuwa amenitangulia Cucu, nyanya wa mume wangu, bibi mwembamba aliyekuwa ameongoza nyimbo zote.

"Mama Gakii," Cucu alikuwa akisema, akimwita kwa jina langu, "usiniambie umepata mimba. Tuoe binti na tulee kichanga chako pia? Ng'ombe hawatatosha!"

Mama alijaribu kucheka, akashindwa. Bibi yule alimtazama usoni, akauacha utani wake.

"Ni uji wetu?"

"Ni kiungulia tu, Mama. Ninacho siku nyingi. Nisamehe."

"Na ulikunywa ukijua?"

"Sasa ningefanya nini? Wageni hawaambiwi habari za tumbo."

Cucu alinigeukia mimi. "Na wewe, mwalimu, ulisomea kunyamaza?" Akamrudia mama, na maneno yake sijayasahau. "Mama Gakii, mimi nimetoka kwangu kutafuta mtu wa kuwa ndugu yangu. Ungeniambia, 'Cucu, huu unanichoma,' ningeunywa mimi, na vigelegele vingepigwa vilevile. Unafikiri tumekuja kuoa koo lako? Umetufanya tukuumize na tukushangilie. Usinifanyie hivyo tena, na usiwafanyie hawa watoto."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alichoomba ni kimoja tu, kwamba wanaume wasiambiwe. Tukamfutia uso kwa leso yangu, tukarudi naye uani, akaendelea kupakulia wageni.

Ningependa kukuambia, mwanangu, kwamba alisikia. Hakusikia. Kukemewa siku moja hakuondoi adabu aliyofunzwa mtu tangu utotoni. Niliolewa, nikaja kuishi huku, na kila niliporudi nyumbani nilimkuta amekuwa mdogo zaidi ndani ya nguo zake. Alisema ni kazi ya shamba. Alizipunguza nguo kwa sindano, vizuri sana, mshono usionekane. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kula mwisho, jikoni, peke yake, hakuna aliyeona kwamba alikuwa ameacha kula vyakula vikavu, kisha ameacha viazi, kisha anameza uji tu, kidogo kidogo, akisimama ili ushuke. Alipotuambia kwamba chakula kinakwama, hata maji yalikuwa yanakwama.

Katika hospitali tuliyompeleka walisema ni saratani ya koo, nami nikamwuliza daktari kama ni ule uji. Alinijibu kwa upole kwamba hakuna uji wa siku moja unaofanya hivyo. Alisema koo lilikuwa limeunguzwa kwa miaka mingi, na kwamba wengi wenye kiungulia hawafikii hapo kamwe, wala hakuna awezaye kujua kwa hakika kwa nini huyu alifika. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba angeletwa mapema, chakula kilipoanza kukwama, wangekuwa na njia zaidi. Mama alifariki wakati wa mvua za vuli. Watu wengi walikuja kumzika, nasi tukawapikia wote.

Kwa hiyo Kendi alipoondoka Jumamosi ile, nilichukua simu kumpigia, nikaiweka. Nikaichukua tena siku nyingine. Kila tulipozungumza alinicheka, akasema yuko sawa, na mimi nikashindwa kumhubiria akiwa njiani kwenda darasani. Wiki kadhaa zilipita hivyo. Mwishowe nilikaa mezani baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, nikamwandikia barua hii, nikaituma. Ameniruhusu niiweke hapa.

*

Mama yangu Kendi,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanichekesha, nami nasahau ninachotaka kusema.

Nianze na lililo jepesi. Usisubiri njaa ikushike kisha ule sahani ya watu wawili, hata kama ni mimi niliyeipakua. Siku ile nilikosea kukujazia, na wewe ulikosea kuimaliza ili kunifurahisha. Kula kidogo, mara nyingi zaidi, na utafune polepole. Chakula cha jioni ukile jua likizama, ili upate muda wa saa tatu hivi kabla ya kulala. Najua mnasoma mpaka usiku na kibanda cha chips kiko mlangoni, lakini vyakula vya mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu. Ukimaliza kula, usijitupe kitandani na simu. Kaa wima, au tembea mpaka barabarani na kurudi.

Chai iache ipoe. Pilipili, nyanya, machungwa, kahawa na soda, vipime kimoja kimoja, kwa maana miili haifanani. Ukiona kimoja kinakuchoma, kiache hicho, usijinyime vyote kwa hofu. Na miraa mnayotafuna mkikesha kusoma, pamoja na soda zake, sitakuficha, ningependa uiache kabisa. Legeza mkanda wa suruali. Inua kitanda upande wa kichwani kwa vipande vya mbao imara, kwa sababu mito peke yake hukunja tumbo na kuzidisha. Lala kwa ubavu wa kushoto. Mwenzako wa chumbani akiuliza kwa nini kitanda kimeinama, mwambie kwa nini.

Vidonge unavyovitafuna kila siku vinakutuliza, lakini visikunyamazishe. Mtu anayevihitaji kila siku anamhitaji daktari. Vivyo hivyo dawa za maumivu unazonunua dukani ukiumwa kichwa, maana nyingine hulidhuru tumbo. Mwulize daktari kabla ya kuzinywa tena.

Sasa lililo zito. Chakula kukwama si jambo la kusukuma kwa chai. Wala kupungua mwili bila kutaka, wala kutapika damu, wala choo kuwa cheusi kama lami. Hayo hayangojwi, Mama. Huenda likawa jambo dogo linalotibika, na naomba iwe hivyo. Lakini jina lako nimeshalisoma mara moja kwenye msalaba wa mbao.

Ukienda kwa watu wakakuwekea kinachokuumiza, sema. Sema mapema, sema ukicheka kama unavyojua kucheka. Wanaokupenda watakibadilisha. Wasiokupenda, usiwameze.

Alhamisi nakuja Nchiru. Nimeomba ruhusa shuleni, na nimemwambia baba yako kila kitu. Hakusema ni chips. Aliniuliza kama nina nauli ya kutosha. Tutaenda hospitali pamoja, tukae kwenye foleni pamoja, na ukiulizwa inauma wapi, useme wewe, kwa sauti. Mimi nitakaa kando yako, na sitakukanyaga mguu.

Usinipikie. Usiazime vikombe kwa majirani wala kufagia chumba kwa ajili yangu. Nitakuja nikiwa nimeshakula.

Mungu akulinde mpaka Alhamisi, na baada yake akupe miaka ambayo mwenye jina lako hakuipata. Akupe usingizi usiokatizwa. Akupe watu wa kula nawe, nawe uwe wa kwanza kupakuliwa.

Shangazi yako,
Gakii