Goti Lenye Adabu

Harufu ya majani mabichi yaliyokatwa bado hunifanya moyo uende mbio. Watu wengine wa kwetu Kashozi wakiisikia hukumbuka Krismasi, maana zamani sikukuu ilipokaribia nyumba zilitandikwa majani laini sakafuni, na watoto tulijigaragaza juu yake mpaka tukafukuzwa. Mimi hukumbuka kidonda. Mwaka nilioungua mguu, bibi yangu mzaa baba alitandika majani mapya kila asubuhi, tena katikati ya Kwaresima, ili harufu yake ishindane na ile iliyotoka nyuma ya goti langu. Wapita njia walichungulia wakidhani tuna harusi. Bibi aliwajibu kwamba hapana, tuna mgonjwa, na hapo wakaingia, kwa sababu kwetu mtu akishaambiwa ndani kuna mgonjwa hawezi tena kuendelea na safari yake.

Niliungua nikiwa nimepiga magoti. Nilikuwa darasa la tatu, na jioni hiyo nilikuwa jikoni kwa bibi nikimenya ndizi, hizo tunazoziita ebitooke, huku chungu cha kwanza kikiwa tayari kinatokota juu ya mafiga. Mzee mmoja jirani akasimama mlangoni. Msichana wa Kihaya aliyelelewa hasalimii mkubwa akiwa amesimama, basi nikaweka kisu chini, nikaupa moto mgongo, nikapiga magoti na kusema, kasinge, waitu, salamu ya heshima ya wazee wetu. Kabla hajaitikia, figa moja liliteleza. Chungu kikainama, na maji yote yakashuka nyuma ya mguu wangu wa kulia, kutoka juu ya kikunjo cha goti hadi shavu la mguu. Maumivu sikumbuki yalianza lini. Ninachokumbuka ni kwamba nilibaki pale pale nimepiga magoti, nikimsubiri mzee aitikie, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa.

Zahanati walinisafisha, wakanipa dawa ya kupaka na bandeji, wakataka nirudishwe mara kwa mara. Nilirudishwa, lakini bandeji ilikuwa ikigandamana na kidonda, na kila ilipobanduliwa nilipiga kelele zilizofika barabarani. Bibi hakuzistahimili. Alikata jani changa la mgomba, akalipitisha juu ya moto mpaka likalegea, akaliacha lipoe, kisha akalilaza juu ya kidonda. Jani halikugandamana. Lilikuwa na ubaridi mzuri, na kwa mara ya kwanza nililala mchana. Mama alisimama pembeni akiuma mdomo wa chini. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na mama alikuwa akiishi kwa wakwe zake kwa hadhari nyingi, akijua kwamba jambo likienda vizuri ni la ukoo, likienda vibaya ni la kwake. Homa ilipanda ikashuka, ikapanda tena, kidonda kikatanuka na kupata rangi ya ute wa manjano, na mimi nikaanza kusoma nyuso za watu wazima nione kama nitakufa.

Mguu uliuma kidogo zaidi ukiwa umekunjwa. Bibi aligundua hilo mapema, akanishonea mto wa matambara na kuuweka chini ya goti, na wala hakuna aliyeona ubaya. Kisha wageni wakaja. Walikuja akina mama wa jumuiya ndogondogo na rozari zao, wakaja wazee na buni za kutafuna zilizofungwa kwenye majani, wakaja watu wenye mikungu na maharage ambao sikuwajua hata majina. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli chakula hakikukosekana. Lakini kila aliyeingia nilishuka kitandani, nikajikokota hadi kwenye majani, nikapiga magoti na kusalimia. Walishangaa. Mtoto ameungua vile na bado anaijua adabu. Mama mmoja alimwambia bibi kwamba ndiyo maana ya samaki mkunje angali mbichi, na bibi alijaa fahari hadi akasahau kumpa kiti. Nami nilijaa fahari. Sikuwa na kingine cha kufanya vizuri, shule siendi, shambani siendi, basi nikawa hodari wa kupiga magoti. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia kila la mkuu, na guu nusura liondoke.

Jumapili ya Pasaka mama alitaka kunisimamisha uani anioshe. Nilisimama kwa mguu wa kushoto. Wa kulia ulibaki ukining'inia, kisigino juu, vidole tu ndivyo vilivyogusa ardhi. Mama alinicheka kidogo, akaniambia niache uvivu. Nikamwambia hauendi. Alichutama, akaweka kiganja juu ya goti na kingine kwenye kisigino, akasukuma polepole, nami nikapiga ukelele uliomtoa bibi ndani na kikoi mkononi. Bibi akasema mtoto aachwe, kidonda kikishafunga mguu utanyooka wenyewe. Mama hakusogea. Alikuwa ameona jambo ambalo sisi wengine hatukuliona wiki zote zile, kwamba kidonda kilikuwa kikifunga kweli, ila kilikuwa kikiufunga na mguu. Akaingia migombani, na kutoka uani nilimsikia akilia kwa sauti ya mtu aliyejiziba mdomo. Niliogopa kuliko siku niliyoungua. Aliporudi macho yalikuwa makavu, na alimwambia bibi maneno ambayo sikuwahi kumsikia mkwe yeyote akimwambia mama mkwe.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, mama. Kesho nampeleka mjini."

Kwenye gari kuelekea Bukoba mama alilibandua lile jani na kulitupa dirishani, akinikataza nisilitaje, maana aliogopa kugombezwa. Haikusaidia. Muuguzi aliyenipokea, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliona mistari ya jani kwenye kidonda, akauliza, na mama akakiri huku akitazama sakafu. Muuguzi akasema si jani linalomtia wasiwasi leo. Aliuliza ninavyolala. Aliuliza ninavyokaa. Alipouliza ninavyoshinda mchana, niliona nimepata nafasi ya kujisifu, nikashuka kitandani na kumpigia magoti. Nilingojea asifu. Alimwangalia daktari aliyekuwa ameingia, daktari akaangalia goti langu, nami nikaelewa kwamba nimefanya kosa.

Ni daktari aliyetueleza. Kidonda kikubwa, alisema, hujifunga kwa kuvuta kingo zake zikutane, kama jani la mgomba linavyojikunja likikauka, na hakiulizi mguu umekaaje. Kikikuta umekunjwa, kinafunga umekunjwa. Ilibidi wapafungue pale palipokwisha kujikaza, waunyooshe mguu, wachukue ngozi nyembamba kwenye paja langu na kuipandikiza nyuma ya goti. Tukichelewa, mishipa nayo itafupika na sitatembea sawasawa tena, na usaha ukizidi huenda tukazungumzia kuukata. Mama alisikiliza akinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Kilichomtisha hakikuwa kisu tu. Walitaka kujeruhi mahali pazima ili waponye mahali pabovu, na yeye, mjane, ndiye aseme ndiyo.

Hakuweza kusema. Daktari alimwambia yeye ni mama na neno lake linatosha, lakini daktari hakuwa akirudi Kashozi kuishi na wakwe. Mtoto ni wa ukoo. Mkubwa wa ukoo wetu alikuwa babu mkubwa, kaka yake babu, aliyehamia Ngenge huko Muleba kufuata ardhi pana, na wakati huo simu Ngenge ilikuwa ya kupanda kilima kutafuta mtandao. Bibi akatuma mtu. Tukangoja. Muuguzi alinifunga mguu kwenye ubao uliozungushiwa pamba, akanyoosha kiasi goti lilivyokubali, na akatoa amri wodi nzima ikasikia kwamba mtoto huyu asimpigie magoti mtu yeyote, hata askofu akija. Kila asubuhi alilowesha bandeji kwa maji ya chumvi kabla ya kuibandua, na kila asubuhi daktari alipita akamuuliza mama kama mzee amefika. Mama alijibu yuko njiani. Hakujua kama yuko njiani. Nilijifunza kutazama mlango badala ya kidonda, na hofu yangu kubwa, naapa, haikuwa kupasuliwa. Niliogopa babu mkubwa atakuja anikute nimelala, mguu nimemnyooshea usoni, na kwa hasira aseme hapana.

Alikuja mchana wakati wa kutazama wagonjwa, amevaa koti zito na viatu vyenye vumbi la njia nzima. Akasimama miguuni pangu. Nilijaribu kuvuta mguu, ubao ukanizuia, nikabaki nimelala macho yamenitoka. Mama alipiga magoti juu ya saruji.

"Kasinge, waitu."

Babu mkubwa akaitikia. Mama hakuinuka. Akarudia salamu ile ile, kwa sauti ile ile.

"Umekwisha kunisalimia, mwanangu," babu akasema.

"Hii ni ya mjukuu wako. Yeye amekatazwa kupiga magoti. Akipiga tena, hatasimama."

Babu mkubwa aliitikia salamu ya pili, kwa jina langu, kisha akainama kutazama goti, akakaa ameinama hivyo mpaka nikadhani mgongo umemkatalia. Alipoinuka alimwita daktari na kumuuliza jambo moja tu, kama ngozi watakayoitoa ni ya mtoto mwenyewe. Daktari akasema ndiyo. Babu akasema basi wachukue, maana mtoto hajaomba kwa jirani. Ndipo mama akainuka kutoka kwenye saruji.

Nilipozinduka nilikuwa na vidonda viwili, na kile cha paja kiliwaka kuliko cha goti, jambo ambalo hakuna aliyenionya. Mguu ulikuwa kwenye plasta, umenyooka kama mchi. Siku ya kufungua bandeji ya goti mama aliomba atoke nje, halafu akabadili mawazo, halafu akatoka. Nilimtazama muuguzi usoni, si mikononi. Aliinua pamba ya mwisho, akavuta pumzi, akaita mama arudi. Ngozi ilikuwa imeshika, ya rangi ya waridi, isipokuwa kipande kidogo pembeni kilichobaki kibichi. Mama aliitazama na kuuliza kama inaweza kubanduka. Hata nyumbani aliuliza swali hilo kila jioni akinipaka mafuta, akimuuliza nani sijui, na kwa miezi mingi alisalimia wageni mara mbili. Bibi naye alijiweka mlangoni na kuwaambia waliokuja, kabla hawajaketi, kwamba mtoto wa nyumba hii hasalimii kwa magoti. Najua aibu aliyoimeza kila aliposema hivyo. Mto wa matambara aliutia motoni bila kuambiwa na mtu.

Sasa naishi Nshambya, hapa mjini, na natembea sawasawa, ila mvua za Bukoba zikizidi goti hulalamika, na ile ngozi ya kupandikizwa haijawahi kuota hata unywele mmoja. Mambo yamebadilika. Duka la dawa lina bandeji zisizogandamana, mama mjane anapiga simu Ngenge akajibiwa kabla uji haujapoa, na wasichana wengi husema shikamoo wakipita huku wakitazama simu, wazee wakabaki wakinung'unika. Mimi sinung'uniki nao sana. Lakini zipo nyumba ambazo magoti bado yanapigwa, na mafiga bado yanateleza, na hofu yangu haijajua kama miaka imepita.

Juzi niliambiwa mjukuu wa jirani ameunguzwa na maharage, kwa hiyo nikachukua ndizi kidogo nikaenda kutoa pole. Msichana alikuwa mkekani, mguu ameukunja, chini ya goti amewekewa khanga iliyoviringishwa. Aliponiona akaanza kujikokota ajiinue, ageuke, apige magoti. Bibi yake alitabasamu kwa fahari. Nilizidondosha ndizi nikamshika mabega, nikamlaza, nikaitoa ile khanga, nikakaa chini na kukiweka kisigino chake juu ya paja langu, nikimwomba anyooshe pale atakapoweza tu. Alilia. Bibi akaniambia kwa sauti kavu kwamba namuumiza mtoto wa watu. Nikamwambia ni kweli, namuumiza, na leo hii tunampeleka hospitali, siyo kesho. Yule mtoto, machozi yakimwingia masikioni, mguu ukiwa haujafika hata nusu ya kunyooka, bado alinitazama kwa woga wa mtu mwenye deni la heshima.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba, kisha nikatoka kutafuta gari.