Kitabu cha Gari Chenye Mhuri Mmoja

Nakumbuka siku moja hapa Doha, mwanangu, na naikumbuka kwa harufu yake: oili ya moto na chai ya tangawizi. Enzi hizo nilikuwa na nguvu, namtunza bibi mmoja mgonjwa kule Al Sadd, nasi tunakaa Al Rayyan, mimi na mume wangu Barasa. Tulikuwa na gari dogo jeupe. Siku ya kulinunua, Barasa alichukua kwa wauzaji wenyewe mkataba wa huduma wa ziada. Yaani waranti ya kiwanda ikiisha, mkataba unaendelea: giaboksi ikifa wanatengeneza, ukizimikiwa barabarani wanakuja kukuvuta, na wanakupa gari jingine la kutumia. Sharti lilikuwa moja tu: kila servisi ifanyiwe kwao, kitabu kipigwe mhuri.

Kazi ya kupeleka gari servisi ilikuwa yangu. Mara ya kwanza nilienda kwao. Pasafi, pabaridi, kila mtu kimya na namba yake mkononi. Hakuna aliyeniuliza nimeamkaje. Nikatoka mpweke zaidi kuliko nilivyoingia.

Mara ya pili nikaenda kwa Wekesa, fundi wa kwetu Bungoma mwenye gereji hapa hapa Doha.

"Dada, gari lako linakohoa kama mjomba wangu."

"Mjomba wako anavuta sigara. Gari langu lina adabu."

Mafundi wakacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kwetu. Wekesa akaniuliza, "Na kitabu cha mkataba? Mimi sina mhuri, nina chai tu."

"Lete chai," nikamwambia.

Wekesa alikuwa fundi mzuri, simsingizii. Nilirudi kwake kila mara, na Barasa sikumwambia. Nilikuwa nafuata ile lugha ya kwetu. Nikikaa pale juu ya tairi kuukuu, nilikuwa nimefika kwa mama.

Mama mwenyewe sikuwa nimemwona miaka minne. Kwenye simu aliniambia, "Njoo nikiwa bado na meno ya kukuchekea." Nikamwahidi kwenda likizo ya mwaka ule.

Mwezi wa likizo ukafika, giaboksi ikafa. Tukaenda na kitabu. Yule bwana wa kaunta akafungua kurasa taratibu, akaniangalia kwa huruma. "Mama, mhuri ni mmoja tu."

Barasa akakifunga kitabu, akakitia kwapani; heri angenigombeza. Bila gari hatukuwa na kazi, kwa hiyo nauli yangu ya ndege ikatengeneza giaboksi. Nikasema nitaenda mwaka ujao. Nilipoenda, nilikuta kaburi la mama limeshaota majani.

Sasa Nanjala, mjukuu wangu nesi, tena nesi hodari, amenunua gari, na mkataba wa namna hiyo ameutupa kwenye droo. Nimeutoa. Nimeuweka mezani, karibu na sahani yake.

Nawe mwanangu, mimi niliishia darasa la tano, lakini hili nalijua. Ukipewa mkataba huo, uusome, ujue unafunika nini na unataka nini kwako. Servisi ipeleke wanakosema, usubiri mhuri ukauke. Kisha nenda kwa watu wako ukanywe chai hadi ushibe, gari likiwa limeegeshwa nje. Ukiwa mpweke, sema una upweke. Usiufiche nyuma ya kisingizio cha oili, kama nilivyofanya mimi.

Mungu akulinde barabarani. Akufikishe kwenu mapema, ubishe hodi, na mama yako ndiye akufungulie.