Mshale Uliogeuzwa Mara Mbili

Yule kocha sikumpenda tangu msimu wake wa kwanza hapa Maskati, naye hakuficha kwamba ananidharau. Ni Mkenya, anakaa Wadi Kabir juu ya gereji, na mpira wa kikapu ameucheza tangu shule. Mimi sikuwahi kuucheza. Sheria zake nilizisoma mwenyewe, nyumbani Bustan, nikiwa mtu mzima, ukurasa kwa ukurasa, hadi nikakubaliwa kukaa meza ya waamuzi katika ligi ya vyuo.

"Huyu mzee," aliwaambia wachezaji wake siku moja mbele yangu, "alijifunza kuogelea akiwa kitandani."

Wakacheka. Nikaonyesha meno tu.

Ligi ikimalizika, vyuo vilivyoongoza hukutana katika mashindano ya mtoano kumpata bingwa. Safari hii chuo chake kilimwambia waziwazi: asipofika fainali, mkataba hauongezwi. Bila mkataba hakuna ukaazi, na mkewe ndiyo kwanza alikuwa amefika kutoka Nairobi. Ukumbi mzima ulijua, maana mwenyewe alikuwa akilalamika kwa kila aliyemsikiliza.

Nusu fainali ilianza alasiri. Mapumziko ya katikati yakaangukia magharibi, yakarefushwa kama desturi yetu ili watu wasali. Mezani tuna mshale unaoonyesha ni timu gani itapewa mpira wa zamu unaofuata, kama ule wa kuanzia robo. Timu zinapobadilishana upande, mshale nao lazima ugeuzwe. Honi ilipolia niliugeuza, nikaenda kutawadha. Mwenzangu wa mezani, dada wa Kikenya ambaye kazi yake ni uuguzi, si Mwislamu, kwa hiyo alibaki. Nilipougeuza alikuwa ameinama akijumlisha faulo. Alipomaliza akaukumbuka mshale, akaugeuza naye, ukarudi ulikokuwa.

Robo ya tatu ikaanza kwa mpira kupewa wapinzani wa yule kocha. Wakaurusha ndani, wakapasiana, wakafunga pointi tatu.

"Zamu ilikuwa yetu," kocha akasema, akija mezani. "Nani ameshika huo mshale?"

Nikamgeukia mwenzangu. "Umeugeuza?"

"Nimeugeuza, mzee. Si ilikuwa mapumziko?"

"Mie pia nimeugeuza."

Mwamuzi akaja, nikamweleza. Sheria haina huruma hapo: mpira ukishaguswa na mchezaji uwanjani, kosa la mshale halirudishwi nyuma. Pointi zikabaki. Kocha akapiga meza kwa kiganja, chupa yangu ya maji ikaanguka.

"Mlienda kusali ama mlienda kuuza mechi?"

Alisema hivyo mbele ya watu waliotoka msikitini na nyuso bado mbichi kwa maji ya udhu. Mwamuzi akampa faulo ya kiufundi, wapinzani wakapata mtupo huru, ukaingia. Nilifurahi ulipoingia. Mwisho wa mchezo timu yake ilishindwa kwa pointi mbili.

Watu walipokuwa wakitoka, mkuu wa michezo wa chuo chake alinijia. Ni kijana wa ukoo wa Unguja kama mimi. Kocha alikuwa nyuma yake, mkoba begani.

"Ami, nna suala. Huyu nataka kumwachisha kazi leo hii. Meza ilikosea kweli, au kelele zake tu?"

Neno moja lingetosha kumponza. Hata kunyamaza kungetosha.

"Ilikosea. Mimi na mwenzangu. Mpira ule ulikuwa wao."

"Kwa hiyo zile pointi tatu—"

"Zimetokana na kosa letu. Ule mtupo huru kajitakia kwa mdomo wake. Lakini mpira ulikuwa wao."

Yule kijana akamwambia kocha aje ofisini asubuhi. Akaondoka. Kocha akaweka sawa mkoba wake begani.

"Usidhani nitakushukuru."

"Ukinishukuru ntajua unaumwa."

Mkataba ukaongezwa kwa msimu mmoja. Sasa mechi zao zote tunasimamia mimi na yule dada, na kila mapumziko kocha huja kusimama mbele ya meza, mikono kifuani, mpaka mmoja wetu augeuze mshale naye akiona.