Filamu Aliyotufasiria Mama wa Dukani

Wiki hii nimeangalia filamu tatu, na zote tatu zimenichosha roho. Nimekuja Kilindoni kumwona mdogo wangu, mvua imetufungia ndani, na binti zake wawili wameamua kunistarehesha. Ya kwanza ilikuwa ya hapa hapa nchini. Msichana maskini, hana hata kanga ya kubadilisha, lakini kucha zimepakwa rangi na nyusi zimechongwa, anateka maji kisimani huku anajihadhari asilowe. Nusu nzima ya filamu watu wamekaa kwenye makochi wanagombana. Ya pili ilikuwa ya Kizungu. Mtu kapigwa risasi, kaanguka kutoka ghorofani, kagongwa na gari, kisha anaondoka anachechemea kama aliyechomwa na mwiba. Nikauliza, "Huyu haendi hospitali?"

"Mama mkubwa, usiulize," wakaniambia. "Tazama tu."

Tazama tu! Na wao wenyewe jicho moja liko kwenye simu.

Ya tatu ndiyo iliyoniudhi hasa. Walinitafutia ya Kihindi, ya zamani, yenye maandishi ya Kiingereza chini, ati inafaa kwa mtu wa zamani. Haikupita muda nikaitambua. Niliiona kabla sijavunja ungo na naikumbuka vizuri: mke anateswa, anaondoka, mume anamfuata, mke anamkataa katakata. Sasa nasoma maandishi, namwona mwanamke yule yule, sari ile ile ya kijani, anapiga magoti na kusema, "Nisamehe mimi. Nyumba yangu iko miguuni pako." Nikainuka kwenye kochi.

"Mwongo! Hakusema hivyo!"

Mabinti walicheka mpaka wakapaliwa. Basi wewe usicheke, kaa nikueleze alivyosema.

Enzi zile mtaani kwetu nyumba yenye video ilikuwa moja, ya jirani mwenye duka. Wazee wake walitoka India zamani, lakini yeye na mkewe walikuwa wazaliwa wa hapa hapa, na mke tukimwita Mama wa Dukani. Siku ya Alhamisi, baada ya adhuhuri, jenereta ikinguruma kwa ajili ya friji la soda, alifungua mlango wa uani na wanawake wa mtaa wakaingia na kazi zao. Huyu na ukili wa mkeka mkononi, yule na ungo wa mchele wa kuchambua, mwingine na mtoto wa kunyonya. Sisi watoto tulikaa mbele, kwenye saruji ya baridi. Kulinukia iliki na bajia, na moshi wa jenereta uliopenya dirishani kuja kutukohoza.

Filamu zilikuwa Kihindi kitupu, hakuna maandishi wala nini. Mama wa Dukani alikaa kando ya televisheni akatufasiria. Mtu akihutubia sana, alimfupisha: "Anajisifu tu huyu." Wimbo ukianza: "Wanapendana. Watoto, kaosheni vikombe." Kuuliza ilikuwa ruhusa, na hakuna aliyeuliza kama bibi yangu, aliyenilea. Kijana kwenye filamu akiinama kugusa miguu ya mama yake, bibi aliitikia kwa sauti, "Marahaba, mwanangu." Hakuna aliyemcheka.

Mwaka huo mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, alirudi nyumbani kutoka Kirongwe alikoolewa. Alikuja na kikapu kimoja, na jino la mbele hana. Alisema ameanguka. Hakuna aliyemwuliza aliangukia nini. Bibi alimkanda kwa maji ya moto, akampikia uji wa tui, na kila alipompa bakuli alirudia neno lake: "Ndoa ni mkeka, mwanangu. Hata ukichakaa, watu huulalia." Kisha zikaja habari kwamba mume atatuma wazee Ijumaa, baada ya sala, waje kumchukua mke wake. Babu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, neno la nyumba lilikuwa la bibi, na bibi alikwisha kumfulia kanga za kurudi nazo. Mama mdogo akaacha kula.

Alhamisi bibi akamburura hadi uani kwa jirani, akachangamke kidogo. Ndipo ilipowekwa filamu hii. Mama wa Dukani alianza kufasiri kama kawaida yake. Mume alipompiga mke kofi, ukili ulisimama mikononi mwa wanawake. Mke akaondoka. Mume akamfuata kwenye mvua, zumari zinalia, na mke akazungumza maneno mengi, machozi yanamtiririka. Mama wa Dukani akanyamaza. Alikuwa amegeuka, anamtazama mama mdogo aliyejiziba mdomo kwa upindo wa kanga, kama alivyozoea tangu jino lile litoke.

"Anasemaje?" bibi akauliza. "Mbona umenyamaza?"

"Anasema," Mama wa Dukani akajibu taratibu, "sirudi. Mimi si ng'ombe aliyekata kamba, hata nifuatwe nirudishwe zizini."

"Ehee! Na mume?"

"Mume anasema amekosa. Mke anamwambia, nimekusamehe, lakini sirudi."

Kwenye televisheni mume na mke wakashikana mikono, wakaingia ndani.

"Sasa mbona anaingia?"

"Anachukua nguo zake."

"Na mbona wanacheka?"

"Wameachana kwa wema."

Wanawake wakatikisa vichwa kukubali. Kuachana kwa wema ni jambo la dini, nani angelipinga? Bibi alikunja ukili wake, akaaga, tukarudi nyumbani.

Ijumaa wazee wakaja na kofia zao nyeupe, wakaketi barazani. Bibi aliwapa kahawa na kashata, akawaacha waseme mpaka wakaishiwa. Kisha akasema, "Mmetuheshimu kuja. Kamwambieni tumemsamehe. Lakini binti yangu si ng'ombe aliyekata kamba." Nyuma ya pazia mama mdogo alinibana mkono mpaka nikataka kulia.

Talaka ilitoka baada ya mivutano mingi. Mama mdogo akalima mwani, akauza mikate ya kumimina, akaolewa tena alipotaka mwenyewe. Sasa yuko Kiegeani na wajukuu zake. Jana mvua ilipopungua nilikwenda kwake na ile filamu kwenye simu, nikamsomea maandishi neno kwa neno, nimefura kama mtu aliyeibiwa.

"Nilijua," akasema. "Mtu anayekataa halii vile."

"Na bibi je?"

"Bibi yako hakuwa mjinga. Alikuwa hana la kuwaambia wale wazee. Akapewa."

Mama wa Dukani alihamia Dar es Salaam kwa watoto wake baada ya kufiwa na mumewe, na huko akazikwa. Ua wake sasa ni ghala la saruji. Bibi naye hayupo. Siku hizi kila mtu ana filamu zake mfukoni, maandishi sahihi, hakuna neno lililoachwa, na kila mtu anaangalia peke yake, masikio ameyaziba. Linaniudhi jambo hili kuliko wasichana wa kucha nyekundu kisimani.

Leo asubuhi nimemkuta mkubwa wa wale mabinti amejikunja pembeni ya kochi na simu yake, machozi yanamdondoka hadi kidevuni.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Filamu tu, mama mkubwa."

Nikachungulia. Ilikuwa ya vichekesho. Nikamtoa spika moja sikioni, nikasogeza mto, nikakaa.