Bafle ya nyuma ilikataa kuimba

Bamama, leo nimebeba bafle, sanduku ya kutoa sauti, kwa kichwa mpaka soko, kwenda kugombana!

Asubuhi nilinunua mashine ya sauti kama ya sinema, bafle tano. Nikamwambia muuzaji: "Binti yangu Nadine ni fundi, yeye mwenyewe atafunga."

Akafunga. Nne zikaimba. Ile ya nyuma ya kiti, kimya.

Miye na miaka ya tisini tunajuana! Hapa Likasi walituuzia radio zenye mawe ndani.

Kufika kwa muuzaji, nikapiga kelele: "Mwizi! Umeniuzia sanduku tupu!"

Muuzaji akachomeka waya. Bafle ikaimba, soko nzima ikageuka.

"Nani aliifunga, mama?"

"Fundi moja tu, simujui."

"Si ulisema ni binti yako?"

Sasa Nadine anauliza mwizi alijitetea namna gani. Nimujibu nini?