Mama Ukavu na Mheshimiwa

Kiwandani mke wangu wanamwita Mama Ukavu, na mimi ninayelala naye chumba kimoja nasema jina limemkaa. Kazi yake ni kuyeyusha punje za plastiki na kuzisukuma kwenye kalibu zitoke soketi za ndani ya simu, kila moja kama mbegu ya tikiti. Plastiki yenyewe kwenye vitabu ni polima ya fuwele majimaji. Mke wangu anaiita Mheshimiwa, kwa kuwa ina makuu: isipokaushwa muda mrefu kwenye joto kali kabla ya kuyeyushwa, inaharibika. Ndiyo maana nyumbani kwetu hata taulo hukaushwa mpaka likukwaruze mgongo.

Sifa zake Mheshimiwa anazo, simnyimi. Haitishwi na joto la kulehemu soketi ndani ya simu, na ikiyeyuka inateleza kama uji mwepesi. Chembe zake ni kama njiti. Zinapotiririka hujipanga zote upande mmoja, na nguvu inatoka hapo.

Mwezi uliopita soketi zilianza kupasuka, zote katikati. Mteja akatoa siku tatu. Zisipopona, mashine ing'olewe iende kiwanda kingine, na mke wangu, baada ya miaka kumi na mmoja nayo, arudi kufunga maboksi. Akaongeza kukausha, zikapasuka zikiwa kavu zaidi. Usiku alilia, nami sikuwa na utani.

Jumapili mama zetu walitutembelea. Wangu alipitia mlango wa mbele, wake wa nyuma, wakakutana sebuleni na kukaa bega kwa bega, kila mmoja anatazama kwake.

"Hawashikani," mke wangu akanong'ona.

"Tangu lini walishikana?"

"Nasema plastiki, baba. Inaingia kwa matundu mawili. Ikikutana katikati, njiti za huku hazivuki kwenda kule."

Kesho yake fundi wa kalibu aliziba tundu moja. Kwa utelezi wake, Mheshimiwa alijaza kalibu nzima kutoka upande mmoja. Mteja akazikunja soketi, akazibonyeza, hata moja haikupasuka. Mashine ikabaki.

Mke wangu akarudi nyumbani na kufuli, akafunga mlango wa nyuma. Jumapili iliyofuata mama zetu waliingia wote kwa mbele, wakimsema yeye na kufuli lake. Ndiyo mara ya kwanza nawasikia wakikubaliana.